Picha za uchi za kughushi: Zuia kwanza, bishana baadaye

Mtu akiumwa na nyoka, mara nyingi jamaa zake hufanya kosa moja. Badala ya kumkimbiza hospitalini, huchukua marungu na kuanza kumsaka nyoka kichakani ili wamwonyeshe daktari ni nyoka wa aina gani. Saa mbili hupotea, sumu inatembea mwilini, na pengine mtu wa pili naye anaumwa. Daktari hakumhitaji nyoka. Alimhitaji mgonjwa.

Kosa kama hilo hufanywa siku hizi katika janga ambalo halikuwamo katika vitabu tulivyosomea chuo kikuu. Mtu anaamka asubuhi na kupata kwamba picha yake akiwa uchi inazunguka katika simu za watu. Hakuwahi kupiga picha hiyo. Uso ni wake lakini mwili si wake. Umetengenezwa na kompyuta. Basi anatumia siku nzima akijaribu kuwathibitishia watu kwamba picha ni ya uongo. Anapigia simu jamaa, anaandika maelezo marefu katika vikundi, anatafuta fundi wa kompyuta ampe cheti. Huku picha inaendelea kusambaa.

Shauri langu kwako, msomaji, ni kwamba uzuie picha kwanza. Suala la kama ni ya kweli au ya kughushi liache lingoje. Vifaa vya kuzuia picha hizi vipo, havitozi pesa, na havikuulizi kama mwili ulio pichani ni wako au ulibandikwa. Kwa sababu Wakenya wengi hawajui kwamba vipo, nitaeleza jinsi vinavyofanya kazi na mahali vinaposhindwa.

Hubuni, haioni

Zamani kughushi picha kulihitaji fundi wa studio, mkasi, gundi na subira. Mwishoni mwa 2017 watu wa mtandao wa Reddit walianza kusambaza programu iliyoweza kubandika uso wa mtu katika video ya mtu mwingine. Jina alilojipa mmoja wao likageuka kuwa jina la picha zenyewe, dipufeki. Leo kazi ni nyepesi zaidi. Programu za akili unde zilizofunzwa kwa mamilioni ya picha hupewa picha moja tu ya mtu aliyevaa nguo zake vizuri, pengine picha ya harusi au ya mahafali, na kwa muda mfupi hubuni jinsi mwili wake ungeonekana bila nguo.

Nasema hubuni, na neno hilo ni muhimu. Kompyuta haina jicho la kupenya kitambaa. Inakisia tu kutokana na miili ya watu wengine iliyofunzwa. Wako watu wanaoingiwa na fedheha wakidhani kwamba programu imeufunua mwili wao halisi. Haijaufunua. Kovu la upasuaji ulilo nalo tumboni haliwezi kuonekana katika picha hiyo, labda kwa bahati.

Walengwa ni akina nani? Mwaka wa 2019 kampuni ya Deeptrace ilihesabu video za dipufeki 14,678 mtandaoni, na asilimia 96 zilikuwa za ngono, zilizotengenezwa bila idhini ya wenye nyuso. Katika tovuti za ngono zilizochunguzwa, wote waliobandikwa nyuso walikuwa wanawake. Kwa hivyo lile shauri ambalo sisi wazazi, walimu na wahubiri tumelirudia kwa miaka mingi, kwamba binti asipige picha za uchi ndipo awe salama, halimkingi tena. Picha ya pasipoti inatosha.

Je, si afadhali basi kutafuta mbinu ya kutambua picha ghushi? Mbinu hizo zipo, lakini hazikai. Mwaka wa 2018 Siwei Lyu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Albany, Marekani, waligundua kwamba nyuso katika video za kughushi hazikuwa zikipepesa macho kama watu wa kawaida, kwa kuwa picha zilizofunza kompyuta zilikuwa karibu zote za watu waliofumbua macho. Habari hiyo ilipoenea, waghushi walirekebisha kasoro hiyo upesi. Kisha tukaambiwa tuhesabu vidole. Hiyo nayo inapitwa na wakati.

Programu za kutambua dipufeki pia hukosea pande zote mbili, jambo ambalo daktari yeyote aliyewahi kusoma matokeo ya maabara analielewa. Kipimo kinaweza kusema una ugonjwa ilhali huna, au huna ilhali unao. Sasa fikiria umeipeleka picha yako ya kughushi katika programu ya bure, nayo ikakujibu kwamba ni picha halisi. Utakuwa umewapa watesi wako karatasi ya kukupigia.

Mwili hautofautishi

Jambo jingine linalonifanya nisijali sana kama picha ni ya kweli ni hili: mwili wa mgonjwa haujali. Anayejua kabisa kwamba picha si yake hutetemeka sawa na yule aliyesalitiwa na mpenzi wa zamani. Moyo humwenda mbio, tumbo humkata, hawezi kula. Usingizi humtoka saa nane za usiku naye hushika simu kuangalia kama picha imefika mahali papya. Baadaye huanza kukwepa watu, haendi kazini, haendi kanisani au msikitini, hataki kupanda matatu kwa kuwa anahisi kila abiria ameiona. Hofu hiyo si wazimu. Hajui kwa hakika nani ameiona, na hataweza kujua.

Wengi hawaji kwa daktari wakisema wana tatizo la picha. Huja wakiomba dawa ya usingizi, au ya vidonda vya tumbo, au wakisema kichwa hakiachi kuuma. Ndiyo sababu siku hizi, mgonjwa kijana akinieleza kwamba halali kwa wiki mbili na vipimo vyote ni sawa, humuuliza kwa utaratibu kama kuna mtu anayemsumbua kwa simu. Ni swali fupi, na ningependa wenzangu walizoee kama tulivyozoea kuuliza habari za sigara.

Kuhusu dawa za usingizi, nitasema jambo moja. Shirika la Afya Duniani halipendekezi dawa za jamii ya diazepam kwa mtu aliyepatwa na mshtuko wa karibuni. Huzoesha mwili, na haziondoi chanzo. Mtu huyu anahitaji kulala, ndiyo, lakini mara nyingi hulala baada ya kujua kwamba picha imeanza kuzuiwa na kwamba kuna mtu mmoja nyumbani asiyemlaumu. Wala asilazimishwe kusimulia kisa chote kwa kila shangazi anayekuja kumpa pole. Aseme anapotaka, kwa anayemtaka.

Akianza kusema kwamba afadhali afe, hiyo ni dharura kama damu inayotoka bila kukoma. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu karibu naye, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Wakenya wengine bado huogopa kwenda hospitalini kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoharamisha jambo hilo, ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa wako aende atibiwe.

Alama ya kidole ya picha

Sasa tuje kwenye kinga yenyewe. Polisi huweka alama za vidole ili wamtambue mtu hata akibadilisha jina na nguo. Picha nayo inaweza kuwekewa alama ya namna hiyo, ambayo wataalamu huiita heshi.

Kuna heshi za aina mbili, na ni vyema kujua tofauti. Ya kwanza ni kali mno: ukibadilisha nukta moja tu katika picha, alama inakuwa nyingine kabisa. Hiyo haifai sana kwa kazi yetu, kwa maana picha inayopita katika simu hupunguzwa ukubwa na kubanwa kila inapotumwa. Aina ya pili huangalia sura ya picha kwa jumla. Mwaka wa 2009 kampuni ya Microsoft pamoja na Hany Farid, aliyekuwa profesa wa Chuo cha Dartmouth, walibuni mfumo wa namna hiyo uitwao PhotoDNA ili kunasa picha za watoto wanaodhulumiwa kingono. Mwaka wa 2019 Facebook nayo ikatoa bure mfumo wake uitwao PDQ.

PDQ hufanya kazi hivi. Picha huondolewa rangi, ikapunguzwa hadi ikawa ndogo sana, kisha hupimwa jinsi mwanga na giza vinavyopishana ndani yake. Kila kipimo hujibiwa ndiyo au la, na majibu yote ni 256. Msururu huo wa majibu ndio alama. Picha nyingine ikija, nayo hupimwa vivyo hivyo, halafu misururu miwili hulinganishwa. Ikiwa majibu yaliyotofautiana ni machache, tuseme 30 hivi kati ya 256, basi huhesabiwa ni picha ile ile hata kama imefifia kidogo au imepunguzwa. Anayeishika alama hiyo haoni picha, kama vile mtu hawezi kuchora sura yako kwa kuangalia alama ya kidole chako.

Utaona umuhimu wa jambo hilo ukikumbuka lililotokea Australia 2017. Facebook ilianzisha jaribio ambapo mtu aliyeogopa picha yake kusambazwa aliombwa aitume kwa kampuni hiyo kwanza, mfanyakazi aiangalie, ndipo iwekewe alama. Watu wengi walishangaa, na kwa haki. Ni mwanamke gani anayekimbia picha yake isionekane, halafu aipeleke mwenyewe kwa mtu asiyemjua?

Desemba 2021 likapatikana jibu bora. Wahudumu wa simu ya msaada kwa waathiriwa wa picha za faragha nchini Uingereza, chini ya shirika la SWGfL, walishirikiana na Meta kuanzisha StopNCII.org. Unaifungua tovuti hiyo katika simu yako, unajibu maswali machache, unaichagua picha, na alama hutengenezwa ndani ya simu yako mwenyewe. Picha haitoki. Inayotoka ni ile alama tu, na hupelekwa kwa kampuni zilizojiunga, miongoni mwao Facebook, Instagram, TikTok, Reddit, Snapchat na Bumble. Mtambo wa kutafuta wa Bing ulijiunga 2024, na Septemba 2025 Google ilitangaza kwamba nayo itaanza kuzitumia alama hizo katika utafutaji wake. Mtu akijaribu kuipandisha picha hiyo katika mojawapo ya kampuni hizo, au kama tayari imo, alama hulingana na picha huchunguzwa kulingana na kanuni za kampuni kisha huondolewa.

Mwishoni utapewa nambari ya kesi, nawe utachagua nambari ya siri. Ziandike katika karatasi. Ukizipoteza hutaweza kuifuatilia kesi yako, na hakuna wa kukurudishia, kwa sababu mfumo uliundwa usikujue.

StopNCII ni ya watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ambao walikuwa wametimiza umri huo picha ilipopigwa. Inapokea picha halisi na za kughushi pia. Huna haja ya kuthibitisha lolote. Hata picha ambayo haijasambazwa bado, lakini mtu anakutisha nayo akitaka pesa, unaweza kuiwekea alama mapema kama unayo nakala. Ni kama chanjo, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya maradhi kuliko baada yake.

Mahali inaposhindwa

Ningekudanganya kama ningesema dawa hii huponya kila kitu. Lazima uwe na nakala ya picha ndipo uweze kuiwekea alama. Kusikia tu kwamba ipo hakutoshi. Picha ikikatwa sana au ikigeuzwa, alama inaweza isilingane. Video ni ngumu zaidi kuliko picha. Tena mtesi aliye na programu ya kughushi anaweza kutengeneza picha mpya kesho kutokana na uso ule ule, na hiyo itakuwa picha nyingine yenye alama nyingine. Itabidi uirudie kazi. Wala tovuti ambazo hazikujiunga hazifungwi na chochote.

Kwetu Kenya pengo kubwa zaidi ni WhatsApp, kwa kuwa hapo ndipo picha nyingi huzunguka, katika vikundi vya mtaa, vya chama, vya waliosoma pamoja. Jumbe za WhatsApp zimefungwa kwa ufunguo ambao mtumaji na mpokeaji peke yao wanao, na kampuni yenyewe haioni kinachopita ndani. Mimi kama daktari napenda usiri huo. Ndio unaonifaa mgonjwa anaponiandikia. Lakini maana yake ni kwamba alama hazikagui huko. Huko kinga ni watu. Tangu 2022 msimamizi wa kikundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukaondoka kwa wote. Mpigie simu msimamizi mara moja, usimwandikie tu. Na yeyote aliyeipokea picha anaweza kumripoti mtumaji. Anaporipoti, jumbe tano za mwisho hutumwa kwa kampuni ili zichunguzwe.

Google nayo hupokea maombi ya mtu anayetaka picha zake za faragha, halisi au za kughushi, zisitokee jina lake linapotafutwa. Picha itabaki katika tovuti ilikowekwa, lakini mwajiri anayetafuta jina lako hataangukia hapo.

Kwa nini nasisitiza saa za kwanza? Januari 2024 picha za kughushi za mwanamuziki Taylor Swift ziliwekwa katika mtandao wa X. Moja yao ilitazamwa zaidi ya mara milioni 45 ikakaa kwa takriban saa 17 kabla ya kuondolewa, na hatimaye X ililazimika kuzuia kwa muda watu kulitafuta jina lake. Huyo ni mtu tajiri mwenye mawakili na mashabiki duniani kote. Mwenye kioski wa Umoja au mhasibu wa Nakuru hana jeshi hilo, ila naye ana simu mkononi.

Kuhusu vibandiko vinavyowekwa na kampuni za akili unde kuonyesha kwamba picha imetengenezwa na kompyuta, nitapita haraka. Vina faida katika siasa na habari. Kwa mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani, kibandiko kinachosema kwamba amevuliwa na kompyuta hakimsitiri.

Watoto

Septemba 2023, katika mji wa Almendralejo, kusini-magharibi mwa Uhispania, wasichana zaidi ya 20 wa shule walipata kwamba picha zao wakiwa uchi zinazunguka mjini. Zilitengenezwa kwa programu ya akili unde kutokana na picha zao za kawaida za mtandaoni. Watengenezaji hawakuwa genge la wahalifu wa mbali. Walikuwa wavulana wa hapo hapo mjini. Mwaka wa 2024 mahakama ya watoto ya Badajoz iliwaweka wavulana 15 chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja.

Mama mmojawapo alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, Miriam Al Adib. Yeye hakumfungia bintiye chumbani. Alijitokeza hadharani katika video, akawaambia wasichana wasione haya kusema na akawataka wazazi wengine wajitokeze. Ndipo ikajulikana kwamba waliodhulumiwa ni wengi. Nikiwa daktari na mzazi, naona hapo alifanya tiba kubwa kuliko dawa yoyote tuliyo nayo, kwani aliihamisha aibu kutoka kwa mtoto akaipeleka kwa mwenye kosa.

Kwa aliye chini ya miaka 18, au aliyekuwa chini ya umri huo picha ilipopigwa, kuna huduma nyingine iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa Februari 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, NCMEC. Inafanya kazi kwa njia ile ile ya alama, bila picha kutoka katika simu, na mtoto hahitaji kutoa jina lake.

Mzazi, jihadhari na jambo moja. Picha ya uchi ya mtoto usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu mkuu, hata kwa mjomba aliye wakili, hata kwa nia njema. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 24, huadhibu kutengeneza, kusambaza na hata kuweka picha za ngono za watoto, na adhabu inaweza kufika faini ya Sh20 milioni, kifungo cha miaka 25, au vyote viwili. Kifungu hicho kinazihesabu pia picha zinazofanana na za kweli. Andika kiungo, jina la akaunti na saa, kisha uende na simu yenyewe polisi. Nambari 116, simu ya watoto, hupigwa bila malipo.

Polisi na korti

Kwa mtu mzima, kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba anayehamisha, kuchapisha au kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Lione neno kuhamisha. Yule anayeipeleka picha katika kikundi kingine akiandika "jamani oneni mambo haya" amehamisha. Kosa si la mtengenezaji peke yake. Udhaifu ninaouona, ingawa mimi si wakili, ni kwamba kifungu hicho hakitaji waziwazi picha iliyoghushiwa na akili unde, na mshtakiwa anaweza kujaribu kujitetea kwamba mwili ulio pichani si wa mlalamishi. Bunge lingeliziba tundu hilo.

Marekani walipitisha sheria Mei 2025 inayotaja picha halisi na za kughushi kwa pamoja, na kuzipa kampuni za mitandao saa 48 za kuondoa picha baada ya kuombwa na mwenyewe. Kampuni zilipewa mwaka mmoja wa kuandaa utaratibu huo. Kwa kuwa nyingi ya kampuni tunazotumia hapa ni za huko, fomu hizo za kuomba picha iondolewe si vibaya kuzijaza hata ukiwa Nairobi.

Uso wako pia ni data yako ya kibinafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ofisi ya Kamishna wa Data si ofisi ya mchezo. Septemba 2023 iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Lakini malalamishi huko hupewa siku 90. Ni njia ya kutafuta haki, haifai kama njia ya kuzima moto.

Ukienda polisi, nenda na ushahidi. Kabla ya kuomba picha iondolewe popote, piga picha ya skrini ikionyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo, maana ikishaondolewa hutakuwa na cha kuonyesha. Hifadhi na vitisho vyote ulivyoandikiwa, pamoja na nambari ya simu au ya M-Pesa uliyoambiwa utume pesa. Usiiuze simu hiyo wala kuibadilisha. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hutaka cheti kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyopatikana, na kazi hiyo ni rahisi zaidi simu ikiwapo. Dai nambari ya OB, na ukiona ofisa wa kaunta anacheka, omba kuonana na ofisa wa dawati la jinsia. Kitengo cha uhalifu wa mtandaoni kimo katika makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Nambari 1195, ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, nayo hupigwa bure.

Na anayekutisha kwamba usipolipa ataitoa picha, usimlipe. Ukilipa mara moja amejua kwamba unalipa, na atarudi. Usimtukane wala kumfuta mara moja. Hifadhi maneno yake kwanza, weka alama ya picha, halafu ndipo umfungie mlango.

Kisha tafuta daktari au mshauri nasaha ndani ya wiki hiyo, hata kama unahisi umekaza roho. Mwezi ukipita bado unaota jambo hilo usiku, unashtuka simu ikilia, au unaikwepa njia unayopitia kila siku, rudi tena kliniki. Hiyo ni hali inayotibika kwa mazungumzo maalumu na mtaalamu. Ukifika kwa daktari, huna haja ya kumwonyesha picha. Akikuomba aione, kataa na utafute mwingine.